Kutoka ushuhuda mpaka jukwaani: namna ya kuandika mchezo wa mtu mmoja, kwa mfano wa Mangobo

Mchezo wa mtu mmoja ni teatre yenye mwigizaji mmoja tu. Anasimama mbele ya watu, anasema tangu mwanzo mpaka mwisho, na hakuna mwenye kumjibu. Wengine wanauita monologi. Ukiandikwa kutokana na mahojiano, maneno yake hayatungwi mezani. Yanatoka kwa mtu mwenye aliishi lile jambo. Yeye alilisimulia mbele ya kinasa sauti, kisha mwandishi akalikata, akalipanga na kumpa mwigizaji.

Mtindo huu unafaa vikundi vya vijana vya mitaani kwa sababu hauombi franga mingi. Kiti kimoja, taa moja, uwanja wa parokia au chumba cha shule vinatosha. Lakini kuna upande mgumu. Watu wakishapiga makofi na kurudi nyumbani, yule mwenye alitoa ushuhuda anabaki palepale mtaani, na maneno yake yameshatoka. Ndiyo maana swali la kwanza la kazi hii ni: maneno haya ni ya nani, na yatarudi kwa nani?

Kwa nini Mangobo

Mangobo ni moja ya komini sita za muji wa Kisangani, pamoja na Makiso, Kabondo, Tshopo, Lubunga na ile yenye kuitwa Kisangani. Ni fasi yenye watu wengi, nyumba zimesongamana, na toleka zinapita tangu asubui mpaka usiku. Watu wazima wa pale wanabeba tarehe mbili kichwani.

Ya kwanza ni vita vya siku sita, tangu tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, wakati jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalipigana ndani ya muji. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa wenye ulifika Kisangani baada ya vita ulihesabu mabomu zaidi ya 6,600. Ulisema raia 760 waliuawa, na wengine karibu 1,700 waliumizwa. Mashirika ya wahanga yanasema wafu walipita 1,000.

Ya pili ni tarehe 14 Mei 2002, siku ya Jumanne. Asubui na mapema, askari wenye waliasi ndani ya RCD-Goma waliikamata redio ya taifa na kuwaita raia wasimame kupigana. Baada ya masaa machache redio ilirudi mikononi mwa wakubwa wa RCD-Goma. Kisha askari wao waliingia Mangobo. Waliua, walibaka, walipora. Siku zenye zilifuata, askari na polisi walinyongwa au kupigwa risasi upande wa daraja la Tshopo, na maiti zikatupwa ndani ya mto. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Agosti 2002, ilihesabu watu wasiopungua 80. Hesabu za Umoja wa Mataifa zilipita 100.

Mbele ya sheria, tarehe hizo mbili hazikufuata njia moja. Kwa vita vya siku sita, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya La Haye iliona Uganda na hatia tarehe 19 Desemba 2005, ju ya Kisangani na sehemu zingine. Tarehe 9 Februari 2022 iliiagiza ilipe dola milioni 325 kwa ajili ya makosa yake yote ndani ya Kongo, na kati yake milioni 225 ni kwa ajili ya madhara yenye yalipata watu wenyewe. FRIVAO, mfuko wa serikali wenye kugawa malipo hayo, uliwekwa Kisangani. Kwa upande wa Rwanda, Kongo ilipeleka mashtaka La Haye tarehe 28 Mei 2002, wiki mbili tu baada ya mauaji ya Mangobo. Tarehe 3 Februari 2006 Mahakama ilisema haina uwezo wa kuhukumu kesi hiyo.

Kwa hiyo mama mwenye alipoteza mume kwa bomu mwaka 2000 ana hukumu ya kuonyesha. Jirani yake mwenye alipoteza mume kwa risasi mwaka 2002 hana. Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022, yenye ilianzisha mfuko wa FONAREV, inafungua mlango kwa wahanga wa ubakaji wa vita na makosa mengine makubwa. Lakini hata hapo mtu anapaswa kwanza kusikilizwa. Teatre haiwezi kulipa mtu. Inaweza kufanya habari yake isikilizwe kwa ukamilifu, na watu wa mtaa wake wenyewe, bila kukatwa na masanduku ya fishi ya kujaza.

Mtindo huu ulitoka wapi

Kusimulia mbele ya watu ni kazi ya zamani sana kwetu. Ile ya kuchukua mahojiano na kuyafanya teatre ilijulikana sana kupitia watu wachache.

Nchini Marekani, Anna Deavere Smith alihoji watu karibu 300 baada ya fujo za Los Angeles za mwaka 1992. Kisha alipanda jukwaani peke yake mwaka 1993 na mchezo *Twilight: Los Angeles, 1992*, akicheza makumi ya watu: polisi, wauza duka, wamama, viongozi. Alishika maneno yao kama yalivyotoka, pamoja na kigugumizi na pumzi. Eve Ensler, naye wa Marekani, alihoji wanawake zaidi ya 200 mbele ya kuandika mchezo wake wa mwaka 1996 ju ya mwili wa mwanamke. Yeye hakufuata njia ileile: fasi zingine alishika maneno ya mtu mmoja, fasi zingine aliunganisha habari za watu wengi. Watu wa Kivu wanamjua kwa sababu nyingine, kwani ni mmoja wa wenye walisimamisha Cité de la Joie ya Bukavu, yenye ilifunguliwa Februari 2011.

Lynn Nottage alikwenda Uganda na kuhoji wanawake wakimbizi wa Kongo. Toka hapo aliandika *Ruined*, yenye ilianza kuchezwa Chicago mwaka 2008 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka 2009. Mchezo ule una watu wengi na si monologi, lakini unaleta swali la kujiuliza: habari ya wamama wa kwetu ilisafiri mpaka Chicago mbele ya kurudi kwao. Rwanda nako, kikundi Groupov cha Ubelgiji kilifanya *Rwanda 94*. Mwanzoni mwa mchezo ule Yolande Mukagasana, mwenye aliponyoka mauaji ya kimbari, alikaa kwenye kiti na kusimulia habari yake mwenyewe. Mwaka 2004 mchezo ulichezwa Rwanda kwenyewe.

Kisangani haiko nyuma. Faustin Linyekula, mzaliwa wa Ubundu, alianzisha Studios Kabako Kinshasa mwaka 2001 na kuihamisha Kisangani mwaka 2006. Katika *Le Cargo* ya mwaka 2011 yuko peke yake jukwaani. Anacheza na kusimulia safari ya kurudi Obilo, kijiji cha utoto wake, kutafuta ngoma za zamani. Katika *Dinozord*, sauti ya rafiki yake Antoine Vumilia, mwenye alikuwa amefungwa gereza la Makala, iliingia ndani ya mchezo wakati mwenyewe hakuweza kutoka. Dieudo Hamadi, mtoto mwingine wa Kisangani, alitoa mwaka 2020 filamu *En route pour le milliard*. Inafuata wahanga wa vita vya siku sita wenye walishuka mto na mashua mpaka Kinshasa kudai malipo yao. Katikati ya safari, filamu inawaonyesha wakiwa jukwaani, na magongo yao na miguu ya bandia, wakicheza wenyewe habari yao.

Mifano hiyo inaonyesha njia tatu: mwenye habari anacheza mwenyewe, mwigizaji anasema maneno yake bila kuyageuza, au mwandishi anaunganisha watu wengi kuwa mtu mmoja. Kila kikundi kinapaswa kuchagua njia mapema na kuwaambia watu ni ipi.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

*Kuomba ruhusa.* Ruhusa moja haitoshi. Inafaa kuomba mara tatu: mbele ya kuwasha kinasa sauti, baada ya kumsomea mtu maandishi yake, na mbele ya watazamaji kuingia. Kila mara mtu ana haki ya kusema hapana, hata kama mavazi yameshashonwa. Mitaa mingi imechoka na watu wa mashirika: wanafika, wanauliza, wanaandika, wanapotea. Kikundi chenye kinarudi mara ya pili na ya tatu kinajitofautisha na hao.

*Kuuliza.* Swali la "ulijisikia namna gani?" linaleta jibu lenye kila mtu anatoa: niliumia sana. Maswali madogo yanafungua zaidi. Ulikuwa umeshika nini mkononi? Mlango ulitazama upande gani? Nani alikula chakula chenye kilibaki kwenye moto? Kuhusu ubakaji, hakuna sababu ya kuuliza namna ulivyofanyika. Mtu akitaka kusema, atasema. Akinyamaza, kimya chake nacho kinaandikwa. Na mtu wa karibu naye, ndugu, mchungaji au mshauri wa kituo cha afya, awe amejua kwamba leo kuna mazungumzo mazito.

*Kuandika.* Saa moja ya sauti inakula masaa manne ao zaidi ya kuandika. Kazi hii asipewe mtu wa mbali. Mwenye kuandika ndiye anasikia wapi sauti ilishuka.

*Kukata.* Hapa ndipo ufundi uko. Mwandishi wa monologi ya mahojiano anapunguza kuliko kuongeza. Kati ya kurasa 30, tatu ao nne zinabaki.

Mfano mdogo

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo hili; si ushuhuda wa mtu yeyote. Maandishi ya kwanza, kama yalivyotoka kwenye sauti:

"Ile asubui nilikua nakwenda kuteka mayi. Ndiyo, mayi. Mtoto alikua na mimi. Hapana, hapana, mtoto alikua kwa dada yangu. Kwa dada. Sasa watu wanapita, wanakimbia, nikauliza, kuko nini? Hakuna mwenye alijibu. Ilikua ni ile mwaka mtaa uliharibika sana, wewe ulikua bado kuzaliwa. Mambo ilikua mubaya, mubaya kabisa. Njo nikarudi na bidoni tupu. Paka leo ile bidoni iko, ya manjano, mi siiuzishi."

Baada ya kukata, kwa jukwaa:

"Nilikua nakwenda kuteka mayi. Mtoto alikua na mimi.
Hapana. Mtoto alikua kwa dada yangu.
Kwa dada.
Watu wanapita, wanakimbia. Nikauliza, kuko nini?
Hakuna mwenye alijibu.
Nikarudi na bidoni tupu. Paka leo iko. Ya manjano. Siiuzishi."

"Mambo ilikua mubaya" imetoka, kwa sababu mtazamaji ameshajua. Maelezo ju ya mwaka yametoka pia. Mwigizaji ao tangazo la mwanzo linaweza kuyasema. Lakini kosa ju ya mtoto limebaki. Mhariri mwenye haraka angelisafisha na kuandika tu "mtoto alikuwa kwa dada". Angepoteza kitu kikubwa: mama anajihakikishia tena, baada ya miaka mingi, kwamba mtoto hakuwa pale. Bidoni nayo imebaki mwisho, bila kuelezwa. Na hakuna neno hata moja lenye liliongezwa.

Mama wa mfano huu angesomewa maandishi ya pili. Angeweza kusema: toeni bidoni, majirani wote wanaijua, watajua ni mimi. Hapo bidoni inatoka, ao inakuwa sufuria, na kikundi kinakubali kupoteza picha nzuri.

Lugha gani?

Mangobo mtu anaanza sentensi kwa Lingala, anaimaliza kwa Kiswahili, na neno la ofisi linakuja kwa Kifaransa. Kulisafisha lote kuwa Kifaransa cha shule kunamfanya mama wa soko aseme kama mwanasheria. Kulifanya Kiswahili cha Dar es Salaam nako kunamgeuza mgeni. Njia nzuri ni kushika lugha yenye mtu alichagua kwa kila jambo. Mara nyingi kuna sababu: hesabu ya franga kwa Lingala, maombi kwa Kiswahili, jina la karatasi ya tribinali kwa Kifaransa. Kama mchezo utasafiri mpaka Goma, Bunia ao Kindu, ni heri kutafsiri pamoja na mwenye habari kuliko bila yeye.

Usalama na sheria

Kubadili jina peke haitoshi. Mtu anajulikana kwa avenyu yake, kazi yake, kovu lake, hesabu ya watoto wake. Inafaa kusomea maandishi kwa mtu mmoja mwenye anajua mtaa vizuri, mwenye amekubaliwa na mwenye habari, na kumuuliza: unamjua huyu? Akijibu ndiyo, kazi bado.

Jina la mwenye anashtakiwa linaomba busara zaidi. Sheria ya adhabu ya Kongo inatambua kosa la kumchafulia mtu jina, na jukwaa halina hakimu. Majina yenye yameshatokea ndani ya hukumu ao ripoti ya wazi ni jambo moja. Jina la jirani ni jambo lingine. Ju ya watoto wa chini ya miaka 18, sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inawalinda, na mahojiano nao hayafanyike bila mzazi ao mlezi.

Wahanga wenye wamejaza fishi za FRIVAO ao za FONAREV waambiwe wazi kwamba mchezo si ushahidi wa tribinali. Jukwaani maneno yamekatwa na kupangwa upya, na mtu mbaya anaweza kusema: hapa alisema hivi, kwenye fishi alisema vile. Mahakama ya La Haye yenyewe iliona mwaka 2022 kwamba karatasi mingi zenye zililetwa hazikutosha kuonyesha hesabu kamili ya wafu. Kwa hiyo sauti ya kwanza, yenye haijakatwa, ihifadhiwe pembeni, na tarehe yake, na mwenyewe apewe kopi.

Mambo ya sasa yanaomba uangalifu kupita yale ya zamani. Mgogoro wa Mbole na Lengola, wenye ulianza mwaka 2023 upande wa Lubunga, ulihamisha maelfu ya watu. Wahanga wa pande zote mbili wanakutana soko moja. Monologi ya upande mmoja tu, hata ikiwa ya kweli neno kwa neno, inaweza kuwasha moto. Katika habari kama hiyo ni vizuri sauti mbili zifuatane usiku uleule, kila moja na muda sawa, na mazungumzo na watazamaji baadaye.

Tena kuna swali la franga. Kwa sheria ya haki za watunzi ya tarehe 5 Aprili 1986, mwandishi wa mchezo ndiye anajulikana kama mwenye kazi, na SOCODA ndiyo inashughulikia haki hizo. Mwenye kusimulia anaweza kubaki mikono mitupu. Kikundi kiandike mapatano mapema, kwa lugha yenye anaelewa: kama tiketi zinauzwa, sehemu gani inarudi kwake, na nani ana ruhusa ya kuucheza fasi nyingine.

Redioni

Mchezo wa mtu mmoja unafaa redio sana, kwa kuwa sauti moja ndiyo chakula cha redio. Lakini redio inafika kwenye masikio yenye hayakuchagua kusikia. Mbele ya kurusha, mtangazaji aseme habari ni ya nini, ili mtu mwenye jeraha aweze kuzima. Dakika nane mpaka kumi zinatosha. Sauti ya mwenye habari isirushwe kama aliomba kufichwa: watu wanaitambua sauti hata simu ikiwa mbovu. Mwigizaji wa mtaa mwingine ni bora.

Ju ya Mangobo kuna neno la pekee. Ile Jumanne ya mwaka 2002 watu wengi waliamshwa na sauti ya redio yenye kuwaita watoke nje, na masaa machache baadaye walilipa. Kwa baadhi yao, sauti kali kwenye redio asubui bado inaleta woga. Kipindi cha ushuhuda kipangwe jioni, kwa sauti ya chini, na kitangazwe siku kadhaa mbele.

Onyesho la kwanza ni la wenyewe

Desturi moja inasaidia kuliko zote: onyesho la kwanza lisiwe la wageni, wafadhili ao wakubwa. Liwe la wale wenye walihojiwa, pamoja na watu wenye wao wenyewe wamechagua, ndani ya nyumba ao kiwanja kidogo, mchana. Mwisho wa mchezo mwigizaji anakaa chini na wanamwambia wapi amekosea. Wengine watacheka fasi yenye mwandishi alifikiri ni ya machozi. Wengine wataomba neno lirudishwe. Mmoja anaweza kuomba habari yake itoke kabisa, na itoke. Mchezo wenye umebaki baada ya siku hiyo ndio unaweza kwenda kwa watu wengine.